Rangi ya Chini Haipotei

Ukurasa huu umewahi kukufunza kufuma vitambaa vya makochi na kupanda maua ndani ya makopo. Leo nakuomba utafute brashi na rangi, kwani tutachora pamoja njia ipitayo msituni katika nchi za baridi, wakati majani yanapogeuka rangi na kupukutika.

Najua utaniuliza kwa nini tuhangaike na msitu wa ng'ambo ilhali Karura na Kakamega ziko hapa hapa. Swali lako ni la haki, na jibu lake linatoka nyumbani kwetu.

Dada yangu mkubwa anaishi Lowell, mji ulio katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ambako Wakenya si haba. Ana miaka tisa hajakanyaga nyumbani kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji yasiyokwisha. Baba yetu alipofariki dunia, yeye alifuata mazishi kwa simu. Tangu siku hiyo mama, ambaye anaishi Wundanyi katika milima ya Taita, hazungumzi naye sana. Akipigiwa simu huitikia salamu, huuliza hali, kisha husema kwamba maziwa yanafurika jikoni.

Mwezi wa Oktoba mwaka jana dada alinitumia picha aliyopiga msituni karibu na kwake. Ilikuwa njia nyembamba ya udongo, miti huku na huku, majani mekundu, ya manjano na ya kahawia juu ya matawi na chini ya miguu. Niliichapisha mjini nikampelekea mama. Aliitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena. Hatimaye akasema, "Kwa hivyo huko anakong'ang'ania, hata miti inakufa."

Sikuwa na la kujibu siku hiyo. Lakini maneno yale yalinikaa rohoni, na ndiyo yaliyonifanya nishike brashi.

MITI HAIFI

Kabla ya kuchora kitu, yafaa ukielewe. Sisi tunapotaja vuli, tunafikiria mvua za kuanzia Oktoba hadi Disemba. Kule Massachusetts miezi hiyo ndiyo ya kufunga mwaka wa miti. Mchana hufupika, baridi huanza kuuma, na baada ya muda ardhi huganda hata mizizi isipate maji. Mti hauwezi kulisha majani yake wakati wa dhiki kama huo. Basi huyaondoa kwa mpango, kama mama wa nyumba anavyopunguza matumizi anapoona mwezi ni mrefu.

Rangi ya kijani katika jani hutokana na kitu kiitwacho klorofili, ambacho husaidia jani kutengeneza chakula kwa nguvu za jua. Siku zinapofupika mti huacha kutengeneza klorofili, na ile iliyopo huvunjika. Hapo ndipo manjano hujitokeza. Sasa sikiliza jambo hili, msomaji, maana ndilo kiini cha makala ya leo: manjano hayo hayakuja leo. Yalikuwamo ndani ya jani tangu lilipochipuka, ila yalifunikwa na kijani. Ni rangi za ukoo ule ule unaoipa karoti na papai lililoiva sura yake.

Wekundu ndio mgeni. Huo hutengenezwa wakati ule ule wa mwisho, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na ni wa jamii moja na rangi ya ganda la kitunguu chekundu. Ama kahawia ya majani ya mwaloni, hiyo inatokana na tanini, kitu kile kile kinachokaza ulimi unapokunywa chai iliyokolea. Mwisho wa yote, mti huziba pale kikonyo kinaposhikana na tawi, na jani huanguka bila kuacha kidonda.

Nilimweleza mama haya yote. Kisha nikamwambia, "Mama, mbona mibuyu ya kule chini Voi ikipukutisha majani wakati wa kiangazi husemi imekufa?"

Akanijibu, "Mbuyu naujua. Hiyo ya kwao siijui."

Nikaona hapa maneno hayatoshi. Lazima niichore, nayo aione ikizaliwa.

KOSA LANGU LA KWANZA

Nilianzia kwangu Nairobi, usiku, baada ya watu kulala. Nilikuwa na pupa ya kumaliza. Nilipaka kijani, juu yake nikapaka nyekundu kabla ya kijani kukauka, juu yake nikaongeza rangi ya machungwa. Kufumba na kufumbua, msitu wangu ukawa tope tupu. Nilipozidi kurekebisha ndivyo nilivyozidi kuharibu. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja alipoamka asubuhi aliuliza kama nimechora mafuriko.

Ukweli ni kwamba nyekundu na kijani zikichanganyika mbichi huuana, na kinachobaki ni kahawia isiyo na uhai. Lakini kijani kikikauka kwanza, halafu nyekundu nyembamba ikapita juu yake, utaziona zote mbili, moja ikichungulia chini ya nyingine. Waliosema haraka haraka haina baraka huenda walikuwa wachoraji. Uchoraji wa matabaka ni kazi ya kupaka kidogo, kungoja, na kupaka tena.

UDONGO WA MAMA

Likizo ya Disemba ilipofika nilimchukua binti yangu tukaenda Wundanyi, na safari hii nikabeba vifaa. Navyo si vya kutisha. Nilikuwa na kipande cha hadibodi cha sentimita 40 kwa 30, nilichokisugua kwa msasa na kukipaka mara mbili rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani. Nilikuwa na brashi tatu: pana, ya wastani na nyembamba. Nilikuwa na kipande cha sifongo, kitambaa kikuukuu, sahani ya plastiki ya kuchanganyia rangi, na mikebe miwili ya maji.

Kuhusu rangi zenyewe, nilinunua za akriliki kwa sababu huyeyuka kwa maji na hukauka upesi. Nilichukua nyeupe, manjano inayong'aa, buluu iliyokolea, na mbili za udongo: oka, ambayo ni manjano ya udongo, na amba ya kuchomwa, ambayo ni kahawia nzito. Usinunue nyeusi. Ukichanganya amba hiyo na buluu utapata weusi wenye uhai kuliko ule wa kopo.

Utaona sikununua nyekundu. Nilikusudia kuinunua Voi nikasahau. Nilipokuwa nikijilaumu, mama akacheka, mara ya kwanza tangu tufike. "Rangi ya udongo umeifuata dukani? Huo unaoukanyaga ni nini?"

Alikuwa na haki. Oka na ndugu zake ni udongo wenye madini ya chuma. Wamaasai na Wasamburu wamejipamba kwa udongo mwekundu tangu zamani, na wafinyanzi wetu wanajua kwamba udongo wa manjano ukipita motoni hugeuka mwekundu. Hata siena, rangi inayosifiwa na wachoraji wa Ulaya, imepewa jina la mji wa Siena, Italia.

Basi mama akatufundisha. Alichota udongo mwekundu chini ya mgomba, akauloweka katika ndoo ya maji, akaukoroga. Akangoja kidogo ili mchanga na changarawe vizame, kisha akayamimina yale maji mekundu katika karai, akayaacha yatulie usiku kucha. Asubuhi alimwaga maji ya juu yaliyokuwa meupe, na chini kukabaki uji laini mwekundu. Tuliuanika juani ukakauka, tukausaga, tukaupitisha kwenye kitambaa chepesi. Kijiko kimoja cha unga huo, kijiko kimoja cha gundi nyeupe ya maseremala, na maji kiasi, hiyo ikawa nyekundu yetu. Msomaji, jaribu hata wewe kwa udongo wa kwenu. Ni rangi nzuri na haina bei.

TABAKA KWA TABAKA

Sasa tufuatane polepole.

Kwanza, chora kwa penseli bila kukandamiza. Weka mstari wa upeo, pale ardhi inapokutana na anga, juu kidogo ya theluthi ya chini ya ubao. Usiuweke katikati, kwani utaikata picha vipande viwili. Kisha chora njia: iwe pana kwako, ijipinde kidogo, na izidi kuwa nyembamba hadi ipotee kwenye upeo. Njia iliyonyooka kama rula humaliza hamu ya mtazamaji mapema.

Pili, paka ubao mzima kwa tabaka moja jepesi. Wengi hutumia oka. Sisi tulitumia udongo wa mama, ukiwa umetiwa maji mengi hata penseli ikaonekana chini yake. Tabaka hili litafunikwa karibu lote, lakini litachungulia katika kila pengo utakaloacha, na ndilo litakalofanya picha yote iwe na ujoto mmoja. Ukiliruka, rangi zako zitakaa kama wageni wasiosalimiana. Ngoja likauke kabisa. Penye joto ni robo saa hivi. Penye baridi na ukungu, kama Wundanyi, nenda ukamenye viazi kwanza.

Tatu, paka vilivyo mbali. Ukisimama Voi ukaitazama milima ya Taita, utaiona kama ya samawati, ilhali ukiifikia ni ya kijani. Hewa iliyo katikati ndiyo inayoififisha. Msituni ni vivyo hivyo. Miti ya mbali ipake kwa nyeupe, buluu kidogo na oka kidogo, nayo iwe kama moshi tu. Acha anga ing'ae pale njia inapoishia.

Nne, njoo katikati. Chukua sifongo yenye unyevu, ichovye katika oka, ugonge gonge pale patakapokuwa na majani. Ikikauka, gonga tena kwa wekundu wa udongo, lakini usifunike kila mahali. Funga macho nusu unapotazama kazi yako. Ukiona mafungu makubwa ya giza na mwanga, uko njiani. Ukiona vidoa vidoa tu, umetapanya.

Tano, simamisha miti. Mashina ya karibu yawe manene na meusi kwa amba na buluu. Ya mbali yawe membamba na yaliyofifia. Amua jua linatoka upande gani, kisha kila shina lipate mstari mwembamba wa mwanga upande huo. Shina lisishuke kama mwiko uliochomekwa kwenye ugali. Lipanuke chini, na majani yaliyoanguka yafunike miguu yake.

Sita, rudi kwenye njia. Hapa ndipo wengi huchukua kahawia moja wakapaka mwanzo hadi mwisho. La hasha! Njia ya msituni ni majani ya jana juu ya majani ya juzi, na chini yake udongo. Anza na amba iliyopunguzwa maji, juu yake oka, juu yake wekundu. Majani ya karibu yawe makubwa, ya mbali yawe vistari tu vya kulala. Kisha vuta vivuli vya miti vikate njia kwa mshazari, kwa amba na buluu iliyo nyepesi mno, ili majani yaliyo chini yake yazidi kuonekana. Vivuli hivyo ndivyo vinavyoilaza njia chini. Bila hivyo itasimama kama ukuta.

Saba, manjano inayong'aa. Hii ni pilipili ya picha. Weka chache pale jua linapogusa majani, kisha uweke brashi chini. Mkono utakuwasha uongeze. Usiongeze.

Kazi hii ilituchukua siku nne, saa moja au mbili kwa siku. Mama alikuwa akipitapita na ndoo yake, akisimama nyuma yetu bila kusema. Siku ya pili aliuliza kama ile rangi ya chini ndiyo ile ya mgombani. Siku ya tatu alivuta kigoda akaketi.

MBONA HAKUNA MTU?

Siku ya nne nilitia manjano, nikasafisha brashi, nikasema tumemaliza. Mama akakaza macho. "Mbona hakuna mtu?"

Nikamwambia ni picha ya msitu. Akasema, "Njia haijitengenezi yenyewe. Hapo pana mtu anayepita kila siku."

Nikakumbuka kisa kimoja. Mwaka 1879 huko Moscow, kijana aitwaye Isaac Levitan alichora njia katika bustani ya Sokolniki wakati wa majani kupukutika. Alikuwa na umri wa miaka 19 tu, mama na baba wameshafariki, na mwaka huo huo alikuwa amefukuzwa kutoka jijini pamoja na Wayahudi wenzake. Alichora misonobari mirefu yenye giza, na kandokando ya njia miti michanga yenye majani ya manjano. Katika njia hiyo yupo mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, anatembea peke yake. Huyo mwanamke hakuchorwa na Levitan. Alitiwa na rafiki yake Nikolai Chekhov, nduguye Anton Chekhov, mwandishi mashuhuri. Picha hiyo ilinunuliwa na Pavel Tretyakov, na hadi leo imo katika jumba la sanaa lenye jina lake mjini Moscow. Wengi wanaoiona humkumbuka yule mwanamke kabla ya miti.

Nilipomaliza kusimulia, binti yangu alikwisha chukua brashi nyembamba. "Nyanya, nimweke wapi?"

Hapa nikupe siri moja ya kumweka mtu katika picha. Ikiwa ardhi ni tambarare na wewe mchoraji umesimama, kichwa cha mtu mzima wa kimo chako kitaangukia kwenye mstari wa upeo, awe karibu au awe mbali. Miguu tu ndiyo inayopanda au kushuka. Binti yangu alimweka mbali kiasi, akamvalisha koti la wekundu ule ule wa udongo wa nyanyake. Alikuwa mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

Mama akauliza, "Anakuja au anakwenda?"

Tukainama sote kutazama. Kwa udogo ule, uso na kisogo ni kitu kimoja. Binti yangu akasema hajui, brashi ilikuwa nene. Nikangoja mama amwambie arekebishe. Hakusema. Aliipeleka picha sebuleni, akaitundika mkabala na mlango, karibu na picha ya baba.

Jioni, maziwa yakiwa jikoni kama kawaida, aliniambia nimpigie dada. Alipoipokea simu hakuanza na salamu. Alimuuliza, "Ile njia uliyopiga picha, unapita ukienda wapi?"

Dada akamwambia ndiyo anayopita siku za mapumziko, maana inamkumbusha njia ya kwenda mtoni. Waliongea hadi salio langu likaisha. Maziwa yalifurika kweli, na hakuna aliyeinuka.

Sitakudanganya kwamba picha ilimaliza yote, msomaji. Dada bado hajaja, na makaratasi bado ni makaratasi. Lakini mama sasa hupiga simu mwenyewe, na mgeni akiingia akaulizia ile picha, humweleza kwamba miti ya huko haifi, inabana matumizi.

Huenda nawe una mtu wako aliye mbali, Toronto, Doha au hata Mombasa tu. Mwombe picha ya mahali anapopita kila siku. Mchanganye udongo wa kwenu na gundi, uwaite watoto na wazee, mpake tabaka la kwanza. Likauke. Kisha la pili. Jani hubadilika sura mbele ya macho ya watu, kumbe manjano yake lilikuwa nayo tangu siku ya kuchipuka. Binadamu naye akigeuzwa na ugeni, usikimbilie kusema amekwisha. Tazama kwanza rangi ya chini.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutatengeneza fremu ya picha hiyo kwa mabaki ya mbao. Hadi wakati huo, pumzika vyema na jamaa yako. Kwaheri ya kuonana.